Kuchunguza kituo cha mizinga ya pwani kilichoachwa tangu vita: mwongozo kwa anayeanza

Maswali ya wanaoanza hayabadiliki. Inaruhusiwa kuingia? Mizinga yenyewe ilikwenda wapi? Mbona nimezunguka nusu siku nikaona zege na magugu tu? Na hiki chumba chenye mashimo ukutani kilikuwa cha nini? Nimeyajibu moja moja kwa muda mrefu. Sasa nimeyakusanya hapa kwa mpangilio unaoweza kuufuata ukiwa pale pale, tochi mkononi.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote. Kituo cha mizinga ya pwani kilijengwa kama mashine moja, na ndani yake kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni njia ya kombora: lilitoka ghalani chini ya ardhi, likapanda juu, likafika kwenye mzinga. Ya pili ni njia ya habari: ilianzia kwenye jicho la mwangalizi aliyeiona meli, ikapita chumba cha mahesabu, ikaishia kwenye sikio la askari aliyesimama nyuma ya mzinga. Zifuate njia hizi mbili kwa miguu yako na kila ukuta utakueleza kwa nini upo. Usipozifuata utaona vyumba vitupu vinavyofanana, utachoka, na utarudi nyumbani ukidhani hapakuwa na kitu.

Nazungumzia hasa vituo vya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Vingi vilipandikizwa juu ya ngome za zamani zaidi, kwa hiyo usishangae kukuta matofali ya karne ya 19 chini ya zege la mwaka 1940.

Kama hujawahi kuingia hata kimoja, anza na kilichohifadhiwa. Longues-sur-Mer huko Normandy, Ufaransa, bado kina mizinga yake minne ya milimita 150 ndani ya vibanda vya zege. Oliver Hill, kwenye kisiwa cha Rottnest nchini Australia, kina mizinga ya inchi 9.2 na mahandaki ambayo wageni hupitishwa na mwenye kuyajua. Hanstholm, Denmark, na Møvik karibu na Kristiansand, Norway, ni makumbusho ya mizinga mikubwa ya Wajerumani ya sentimita 38. Siku moja katika mahali kama hapo inakufundisha kitu kizima kinafananaje, na baada ya hapo utaweza kukitambua kikiwa vipande.

Vitu vya kuwa navyo

Taa tatu kwa kila mtu: moja ya kichwani, moja ya mkononi, na ndogo ya akiba mfukoni. Tatu si nyingi. Taa ya simu usiihesabu, kwa sababu simu hiyo ndiyo utakayopigia msaada.

Kofia ngumu. Milango ya maghala ni mifupi, na nondo zilizochomoza darini hazionekani mpaka zikuguse.

Buti zenye soli nene na zinazofunika kifundo cha mguu, suruali ndefu, na glavu za kazi. Barakoa ya kuzuia vumbi laini, si ya kitambaa. Maji ya kunywa, kisanduku cha huduma ya kwanza, filimbi.

Utepe wa kupimia wa mita 5 au zaidi, dira, daftari, penseli. Penseli huandika hata karatasi ikiwa na unyevu, kalamu ya wino itakuangusha.

Kamera na stendi yake, ukiweza. Na ukikusudia kushuka chini kabisa ya ardhi, kipimo cha hewa kinachoonyesha kiwango cha oksijeni. Huna kipimo? Basi utaishia kwenye vyumba vyenye mwanga na upepo, na hapo pia kuna mengi ya kuona.

Watu: watatu ndiyo idadi nzuri. Akiumia mmoja, mmoja anabaki naye na mmoja anakwenda kutafuta msaada.

Sharti lisilojadiliwa

Ukiona kitu cha chuma chenye umbo la chupa, yai, bomba lililozibwa au sahani nene, usikiguse, usikisogeze kwa mguu, usikigeuze kwa fimbo ili ukipige picha vizuri. Kutu haikiondolei hatari. Baruti na viwashio vya zamani vinaweza kuwa vyepesi kulipuka kuliko siku vilipotengenezwa. Kumbuka mahali, rudi nyuma kwa njia ile ile uliyojia, zuia wengine wasikaribie, kisha piga simu ya dharura ya nchi uliyopo. Hao ndio watakaowaleta wataalamu wa mabomu.

Ufukweni chini ya kituo, hadhari ni ile ile. Kwenye kisiwa cha Usedom, Ujerumani, watu huokota mchangani vipande vya manjano wakidhani ni kaharabu, kumbe ni fosforasi nyeupe iliyobaki kutoka kwenye mabomu ya vita. Ikiwa na maji hutulia. Ikikauka mfukoni huwaka yenyewe.

Hatua

1. Jua mwenye mahali na upate ruhusa. Kituo kilichoachwa hakikosi mwenyewe. Kinaweza kuwa cha jeshi bado, cha mkulima, cha hifadhi ya taifa au cha serikali ya mtaa, na mara nyingi kinalindwa kisheria kama eneo la kihistoria. Uliza ofisi ya ardhi au ofisi ya mambo ya kale ya eneo hilo. Andika barua fupi: wewe ni nani, utakwenda siku gani, mko wangapi, hamtachimba na hamtachukua kitu. Ukikataliwa, kubali.

Mashine ya kutafutia madini na vyuma iache nyumbani kabisa. Uingereza, kwa mfano, sheria ya mwaka 1979 inafanya kuitumia bila kibali kwenye eneo la kihistoria linalolindwa kuwa kosa la jinai, na nchi nyingine nyingi zina makatazo ya namna hiyo. Hata pasipo na sheria, mashine hiyo itakufanya ufukue chuma, na chuma cha mahali hapa huenda ndicho kile nilichokwisha kukuonya.

2. Kichore kituo ukiwa mezani. Fungua picha za setilaiti za eneo hilo. Tafuta duara au nusu duara mbili, tatu au nne zilizojipanga zikitazama bahari. Hivyo ndivyo vitako vya mizinga. Kisha tafuta barabara inayofika nyuma yake, maana makombora yaliletwa kwa gari au kwa reli ndogo. Kisha tafuta jengo dogo peke yake, mahali palipoinuka au kwenye ukingo kabisa: hilo ni la mwangalizi. Pale Longues-sur-Mer mizinga imejipanga nyuma na jengo la waangalizi liko mbele yake, takriban mita 300, kwenye ncha ya jabali. Mchoro wako hata ukiwa mbaya utakusaidia. Weka alama ya kila kitu unachodhani umekiona, na mbele yake alama ya kuuliza.

Kama kuna picha za ndege za miaka ya 1940, zilinganishe na za leo. Msitu wa sasa unaweza kuwa ulikuwa uwanja mweupe wenye vijia vyote vikionekana.

3. Pangilia na bahari. Angalia jedwali la kupwa na kujaa. Sehemu za chini za kituo, hasa vibanda vya kurunzi (taa kubwa za kumulika bahari usiku), hufikiwa kwa kupita ufukweni, na wakati wa bamvua maji hupanda hadi kwenye jabali na kukufungia njia. Nenda maji yakiwa yanaanza kupwa, rudi kabla hayajageuka. Mvua kubwa ya juzi nayo ni sababu ya kuahirisha: udongo wa ukingoni unakuwa mzito na vyumba vya chini vinajaa maji.

4. Zunguka nje kwanza, usiingie popote. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanauona mlango mweusi, wanaingia kichwakichwa. Toa saa nzima ya kuzunguka.

Unatafuta mambo mawili. La kwanza ni hatari: ufa wa ardhi unaokwenda sambamba na ukingo wa jabali, maana yake kipande hicho kinajiandaa kuondoka, mabati au mbao zilizofunika mashimo, zege linaloning'inia kwa nondo zilizooza. Pwani hula vituo hivi. Pointe du Hoc, Ufaransa, jabali limemomonyoka tangu vita na imebidi liimarishwe ili wageni waendelee kufika. Kaa mbali na ukingo, na kamwe usisimame chini ya jengo linalochungulia ufukweni.

La pili ni matundu ya hewa: mabomba mafupi au vifuniko vya chuma vinavyochomoza kwenye nyasi bila jengo lolote karibu. Chini ya kila kimoja kuna chumba. Viweke kwenye mchoro wako.

5. Anzia kwenye kitako cha mzinga. Simama katikati. Kama mzinga haupo, na mara nyingi haupo, utaona duara la bolti nene zilizosimama kwenye zege, au matundu yake zilipokatwa. Hizo ndizo zilizoushika mzinga usiruke nyuma ulipopigwa. Zihesabu. Pima upana wa duara kutoka bolti hadi bolti ya upande wa pili. Andika vyote viwili, kwa sababu idadi ya bolti na upana wa duara ndivyo vitakavyokuambia baadaye ulikuwa mzinga wa aina gani, ukilinganisha na michoro ya kijeshi ya wakati huo.

Sasa inama. Pitisha kiganja kwenye sakafu ya zege. Mara nyingine utahisi mstari uliochimbika au ukanda wa reli ya chuma unaofuata duara. Magurudumu ya mzinga yalipita hapo ukigeuzwa. Mahali reli inapoanza na inapoishia ndiyo mipaka ya kuzunguka kwake. Simama kwenye mwisho mmoja, tazama bahari, kisha mwisho wa pili. Eneo la maji lililo kati ya mitazamo hiyo miwili ndilo lililolindwa na mzinga huu. Kwangu, hapa ndipo mahali panapoanza kusema.

Kwenye kuta za pembeni utaona mashubaka, mengine yana bawaba za milango ya chuma iliyokwisha kutoweka. Humo yaliwekwa makombora machache ya kuanzia, ya kupigwa kabla ya mengine kupandishwa kutoka chini.

Dira itakudanganya hapa. Zege limejaa nondo. Kupima uelekeo, ondoka mita kadhaa hadi kwenye nyasi, pima, kisha rudi.

6. Kabla ya kushuka chini, pitia masharti haya kwa sauti, wote mkiwa mmesimama mlangoni. Kila mtu aonyeshe taa tatu zinazowaka. Aliye nje ya safari anajua mko wapi na saa ya kuanza kuwatafuta. Mlango wa chuma wowote unazuiwa kwa jiwe usijifunge. Hakuna anayepanda ngazi ya chuma iliyoliwa na kutu, hata kama kidato cha kwanza kimekubali uzito.

Hewa: ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Kipimo kikishuka hadi 19.5, geuka, usijadili. Chumba kilichofungwa miaka mingi, chenye chuma kingi kinachooza, hupoteza oksijeni bila harufu yoyote, kwa sababu kutu yenyewe huila. Matangi ya maji na ya mafuta usiingie kabisa. Usiwashe kiberiti kupima hewa. Moto mahali palipokuwa na mafuta au baruti hauna nafasi.

Pakiwa na popo, toka kimya kimya. Katika nchi za baridi hulala humo majira yote ya baridi, na kuamshwa mara chache tu kunaweza kuwaua kwa kumaliza akiba ya mafuta mwilini mwao. Kinyesi chao nacho kina ukungu unaodhuru mapafu, ndiyo maana barakoa inavaliwa kabla ya kuingia.

Kwenye chumba cha injini, mabomba yaliyofungwa kwa kitu cheupe kama plasta yenye nyuzi ni ya kuachwa. Huenda ni asbestosi, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu.

7. Fuata kombora kurudi nyuma. Karibu na kitako kuna tundu la mraba au bomba pana linaloshuka. Hapo ndipo winchi ilipopandisha makombora. Ukubwa wa tundu unategemea uzito. Kombora la mzinga wa inchi 6 wa Waingereza lilikuwa na kilo 45 hivi, mtu mwenye nguvu aliweza kulibeba kifuani. La inchi 9.2 lilikuwa na kilo 172. La inchi 16 la Wamarekani, kama la kituo cha Townsley karibu na San Francisco, lilikaribia tani nzima. Kwa hiyo ukikuta reli za darini, ndoano nene na korido pana isiyo na kona kali, jua ulikuwa mzigo ambao watu hawakuuweza kwa mikono.

Tahadhari: tundu hilo la winchi ni shimo la hatari kwenye vituo hivi. Ukiwa chini linaonekana kama mwanga mzuri wa kupigia picha. Ukiwa juu limefunikwa na majani. Liweke kwenye mchoro kabla ya mtu yeyote kusogea.

Ingia sasa ghalani. Tarajia vyumba vya aina mbili, na uvitenganishe akilini: vya makombora na vya baruti. Havikuchanganywa. Chumba cha makombora kina sakafu imara na darini kuna reli. Chumba cha baruti ni kikavu zaidi, mara nyingine kina kuta mbili zenye nafasi ya hewa katikati, na mlangoni mwake, katika ngome za zamani, kuna kizuizi kifupi ambapo askari alivua viatu vyenye misumari na kuvaa vingine, ili cheche isizaliwe sakafuni.

Hapa nikueleze kitu ambacho nilikikosa mara mbili. Nilikuwa kwenye ghala la matofali la zamani lililoongezewa zege wakati wa vita. Nilipima kwa hatua urefu wa jengo nje: 22. Ndani, nikijumlisha vyumba na unene wa kuta, nilipata 19. Hatua tatu zilikuwa zimepotea. Niliporudi mara ya tatu niliangaza ukuta kwa kuulaza mwanga wa tochi pembeni, nikaona shubaka dogo, kama kimo cha mkono wa mtu mzima, ambalo nilidhani ni la kuwekea vitu. Nyuma yake hapakuwa na tofali. Palikuwa na fremu ya shaba iliyokuwa kijani, na kwenye kona ya fremu kipande cha kioo kinene kisichozidi ukucha. Lilikuwa dirisha la taa. Upande wa pili kulikuwa na korido nyembamba, na mtu wa taa alipita humo akiweka moto nyuma ya kioo, ili mwanga uingie kwenye chumba cha baruti na mwali usiingie kamwe. Juu ya shubaka, darini, bado palikuwa na doa la masizi.

Tangu hapo napima nje na ndani kila mahali. Fanya hivyo.

8. Fuata habari kutoka kwenye jicho. Panda kwenye chumba cha waangalizi. Utakijua kwa upenyo mrefu wa mlalo unaotazama bahari. Katikati ya sakafu tafuta nguzo fupi ya zege yenye bolti juu yake. Hapo kilikaa chombo cha kupimia umbali. Namna moja ilitumia kimo tu: ukijua uko juu ya maji kwa mita ngapi, na ukapima pembe ya kutazama chini hadi usawa wa maji kwenye meli, umbali unapatikana. Ndiyo sababu waangalizi walipenda pa juu. Na kwa kuwa bahari hupwa na kujaa, kimo hicho kilibadilika kila saa, kwa hiyo nao walihitaji jedwali la maji kama ulilobeba wewe.

Chunguza ukuta wa chini ya upenyo huo. Katika baadhi ya vituo vya Wajerumani walipaka picha ndefu ya pwani inayoonekana hapo, yenye vilima, minara na umbali wake. Rangi hiyo huchubuka kwa kuguswa. Weka mikono nyuma.

Kisha tafuta habari ilitokaje. Angalia matundu ya duara ya ukubwa wa ngumi ukutani: hayo ni ya nyaya za simu, au ni midomo ya mabomba ya kusemea. Mtu alisema upande huu, mwenzake akasikia upande wa pili. Fuata uelekeo wa tundu kwa dira ukiwa nje na utafika kwenye chumba cha mahesabu au kwenye mzinga.

Njia hii ya habari ndiyo iliyokuwa na neno la mwisho. Usiku wa tarehe 21 Juni 1942, nyambizi ya Japani I-25 ilipiga makombora kuelekea Fort Stevens, kwenye mdomo wa mto Columbia nchini Marekani. Askari walikuwa kwenye mizinga, kombora liko tayari. Kamanda hakuruhusu kujibu. Hakuna mzinga uliolia, kwa sababu amri haikushuka. Ukienda kwenye kituo cha Russell pale Fort Stevens, ambacho leo kiko wazi kwa umma, simama kwenye kitako kisha tazama juu kwa waangalizi.

9. Tafuta kurunzi na umeme. Vibanda vya kurunzi viko chini, karibu na maji, na vina mdomo mpana uliokuwa na milango ya chuma ya kukunja. Jenereta ziko mbali kidogo, ndani ya kilima. Chumba chake kinatambulika kwa vitanda vya zege vyenye bolti, mtaro wa nyaya sakafuni na tundu lenye masizi darini. Mafuta ya zamani bado yanateleza. Sina mengi ya kuongeza hapa.

10. Usiwasahau watu. Mabweni, jiko, vyoo na bafu huachwa na wengi kwa sababu havina mizinga. Ingia. Utakuta msumari wa kutundikia koti, kila mmoja na namba yake. Utakuta majina yaliyokwaruzwa wakati zege lilikuwa bichi, tarehe, mistari ya kuhesabu siku. Mengi ya maisha ya kituo yalikuwa kungoja. Tena, usidhani waliojenga walikuwa askari tu: kwenye ngome za Wajerumani pwani ya Atlantiki, sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na vibarua wa kulazimishwa. Alama ya kiganja kwenye zege inaweza kuwa ya mmoja wao. Ipige picha, iandike ilipo, iache safi.

11. Andika kabla hujaondoka kwenye kila chumba. Piga picha ya chumba kizima kwanza, kisha vitu vya karibu ukiwa umeweka utepe wa kupimia kando yake. Andika namba ya picha, mahali, vipimo, na unachodhani. Tenganisha ulichoona na unachodhani kwa safu mbili tofauti. Chaki usitumie ukutani, wala usipitishe penseli juu ya maandishi ya zamani ili yaonekane. Lazia mwanga pembeni na yatajitokeza yenyewe.

12. Toka, hesabuni watu, mjulishe aliyewangoja. Ukiona uharibifu mpya, moto, au mtu amechimba, mwambie mwenye mahali.

Ukikwama

*Mizinga haipo, na sijui ilikwenda wapi.* Mingi ilikatwa na kuuzwa kama chuma chakavu baada ya vita. Uingereza ilivunja vikosi vyake vya mizinga ya pwani mwaka 1956. Mingine iliondolewa vita vikiendelea. Pale Pointe du Hoc, askari wa Marekani walioupanda ukuta wa jabali tarehe 6 Juni 1944 chini ya James Rudder walikuta vitako havina mizinga. Ilikuwa imesogezwa bara, wakaikuta huko na kuiharibu. Kitako kitupu si dalili kwamba umekosea mahali.

*Silioni ghala.* Rudi kwenye matundu ya hewa uliyoyaweka kwenye mchoro. Kama hakuna, tazama nyuma ya kitako, upande wa bara, penye mwinuko wa udongo usio wa asili. Linaweza pia kuwa limezibwa kabisa: Singapore, vyumba vya chini vya kituo cha Johore, kilichokuwa na mizinga mitatu ya inchi 15, vilisahaulika hadi vilipopatikana tena mwaka 1991. Lililozibwa usilizibue.

*Mizinga inaonekana ilitazama upande usio na adui.* Usikimbilie kusema wajenzi walikosea. Husemwa kwamba mizinga ya Singapore haikuweza kugeuka bara. Mingi iliweza, na ilipiga. Tatizo kubwa lilikuwa makombora: mengi yalikuwa ya kutoboa chuma cha meli, yenye baruti kidogo, yasiyofaa dhidi ya askari wa miguu. Kwa hiyo pima mipaka ya kuzunguka kabla ya kuhukumu.

*Picha zote zina ukungu.* Kamera imetoka kwenye baridi ikaingia kwenye joto lenye unyevu. Iache nje ya mfuko kwa dakika 15 ndani ya mlango kabla ya kuanza, na usiifute kioo kwa shati.

*Taa imezimika na nimepoteza mwelekeo.* Simama. Kaa chini ikibidi. Washa taa ya pili. Kama zote zimekufa, usitembee hata hatua moja; puliza filimbi mara tatu, ngoja, rudia. Aliyejaribu kupapasa ukuta gizani ndiye anayelikuta tundu la winchi.

*Mlango umefungwa kwa zege au kwa vyuma.* Angalia kama vyuma vina nafasi za mlalo za kupitisha popo. Kama zipo, umefungwa kwa makusudi na chumba kinakaliwa. Kwa vyovyote, hapo ndipo mwisho wa safari ya upande huo.

*Nimeona vipande vya chuma vidogo tu, kama vya bolti au bawaba. Naweza kuchukua kimoja?* Hapana. Bolti ile iliyobaki peke yake kwenye duara ndiyo itakayompa anayekuja baada yako kipimo cha mzinga.